Zimwi la trela lisiwe bibi mwenye macho mekundu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme machache kuhusu vijana wanaotengeneza filamu za kutisha kwa simu majumbani mwao, na hasa kuhusu trela wanazozitanguliza mitandaoni kabla filamu zenyewe hazijakamilika. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Mwanza, kazi ambayo haina mashetani (ukiacha kamati zinazochelewesha malipo), lakini inamfundisha mtu mengi kuhusu mwanga na giza. Ninachokiona katika trela hizo ni kwamba kamera imeshikwa kabla hajapatikana mtu wa kukaa chini na kupanga nini kionekane na nini kifichwe.

Kosa kubwa ni kulitoa zimwi mapema. Trela inaanza, mlango unafunguliwa, na zimwi hilo hapo katikati ya sebule, limepakwa unga usoni na kumulikwa na tyubulaiti. Mtazamaji akishaliona zima namna hiyo, hana tena sababu ya kuitafuta filamu. Mwaka 1922, filamu zikiwa bado hazina sauti, Mjerumani F. W. Murnau alionyesha katika filamu ya Nosferatu kivuli tu cha mnyonya damu kikipanda ngazi, vidole vyake virefu vikionekana ukutani, na picha hiyo inakumbukwa mpaka leo. Kivuli hakina gharama. Tochi ikilazwa sakafuni na mwigizaji akasimama karibu nayo, kivuli chake kitajaa ukuta mzima. Akisogea kuelekea ukutani, kitapungua. Jambo kama hilo linahitaji kujaribiwa na kuandikwa kabla ya siku ya kupiga picha, si kubuniwa wakati waigizaji wameshachoka na chaji ya simu inakaribia kwisha.

Kwa kuandika nina maana ya kuchora. Daftari la hesabu lenye miraba linatosha: chora visanduku, na katika kila kimoja onyesha kwa vijiti tu nani yuko wapi, mwanga unatoka upande gani, na sehemu ipi ya picha imeachwa giza. Trela ya dakika moja na nusu inaweza kutoshelezwa na visanduku ishirini hivi. Hapo hapo iamuliwe kama simu itashikwa wima au itakuwa imelala, kwa sababu picha iliyopigwa ikiwa imelala, ikija kukatwa ili iingie kwenye status, hupoteza yule mtu aliyewekwa pembeni kabisa kwa makusudi, na katika filamu ya kutisha mtu wa pembeni ndiye mwenye habari.

Usiku ndio unaowashinda wengi. Simu ikipiga gizani hujilazimisha kuona, ikaongeza mwanga yenyewe, na matokeo yake ni chenga tupu na weusi unaofanana na kijivu. Ni afadhali picha za nje zipigwe magharibi, jua likiwa limeshazama lakini anga bado lina nuru, kisha mwanga upunguzwe kwenye simu: bonyeza kioo na kushikilia kidole mpaka simu ikubali kufunga mwanga na fokasi, halafu ushushe mwanga taratibu hadi nyuso zibaki kama maumbo. Huku kwetu karibu na ikweta nuru hiyo haidumu hata nusu saa, kwa hiyo asiyejua ataanza na kisanduku kipi atakutwa na giza akiwa bado anagombana na waigizaji. Ndani ya nyumba, tyubulaiti na balbu nyingi za bei nafuu huleta mistari inayopanda na kushuka kwenye video, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na simu nyingi zimewekwa kupiga fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Programu ya kamera ikiruhusu, weka fremu 25 na kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Isiporuhusu, zima taa zote na utumie kandili au tochi iliyofunikwa kitambaa.

Rangi nazo zipangwe. Nyekundu, nyeusi na nyeupe tayari zina uzito kwa mtazamaji wetu, maana ndizo rangi za vitambaa vya waganga na mizimu. Kaniki moja iliyoning'inia kwenye kamba ya nguo, peke yake uani, inatisha kuliko ndoo ya damu bandia, ambayo mara nyingi huwa ni rangi ya keki iliyokorogwa kwa maji na inatiririka kama juisi.

Sasa nije kwenye lililonisukuma kuandika. Zimwi la trela nyingi za vijana wetu ni kikongwe mwenye macho mekundu. Huku Kanda ya Ziwa wapo bibi zetu waliouawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi pekee ukiwa ni macho hayo, ambayo yamekuwa mekundu kutokana na miaka mingi ya moshi wa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani za aina hiyo hiyo. Anayemtia mwigizaji rangi nyekundu machoni na kumfunga kilemba cha bibi harudii tu jambo lililochosha; anamwonyesha jirani mwenye hofu sura ya mtu wa kushukiwa. Kulibadili zimwi hilo hakudai fedha, kwani kwenye kisanduku cha daftari uso wa kikongwe unafutika kwa kifutio, na mahali pake pakawekwa mlango ulioachwa wazi au kivuli kisicho na mwenyewe.

Kwa kuwa ukurasa wako wa burudani huchapisha mabango ya filamu mpya kila wiki, napendekeza mara moja moja uchapishe pia kurasa za michoro ya awali ya vijana hawa, pamoja na fremu zilizotokana nayo, ili wenzao wa wilayani waone kazi hiyo inavyoanza.

Msomaji wako,
Mpiga video, Mwanza