Bibi, Wayahudi weusi wapo

Rehovot, Israeli

Kwako Bibi, mke wangu wa Marangu,

Shikamoo. Mimi mzima, masomo yanasonga, na mambo ya redioni yasikunyime usingizi. King'ora kikilia tunajua pa kukimbilia.

Mama mdogo kaniambia kuna swali umelikalia: eti ni kweli huku kuna Wayahudi weusi, au watu wanakutania kwa vile kwaya ya kina mama haiishi kuimba Sayuni? Hilo halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia. Mdogo wangu akusomee taratibu, asiruke mistari kama anavyofanya akikusomea Zaburi.

Wapo, tena ndio walionipangisha chumba. Hapa Rehovot, karibu na kitivo chetu cha kilimo, kuna mtaa unaitwa Kiryat Moshe ambao umejaa watu waliotoka Ethiopia. Jioni wazee wanakaa kwenye mabenchi, wamejitanda mashuka meupe, wanaongea Kiamhari, na wajukuu wao wanawajibu kwa Kiebrania. Mama mwenye nyumba wangu ni rika lako. Ijumaa mchana amekwishapika kila kitu na kukifunika, maana jua likizama hagusi moto wala swichi ya taa mpaka Jumamosi usiku. Mabasi yenyewe yanalala. Asiyenunua mkate mapema atashinda na chai.

Watu hawa wanajiita Beta Israeli, yaani nyumba ya Israeli. Kwa mamia ya miaka waliishi milimani, Gondar na kwingineko, wakishika Sabato na Torati iliyoandikwa kwa Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, wakiongozwa na makasisi wao wanaowaita kes. Kuna vizazi viliishi na kufa vikidhani hakuna Wayahudi wengine duniani. Majirani waliwaona wageni, ardhi wakawa hawaipati, wakaishi kwa uhunzi na ufinyanzi, na juu ya hayo wakasingiziwa jicho baya. Watoto wakiona korongo wanapita angani waliwauliza Yerusalemu i hali gani.

Hapo ndipo akili yangu ya Kichaga ilipogoma, Bibi. Sisi Desemba ikifika tunabanana kwenye basi kutoka Dar mpaka Marangu kwa sababu kitovu kimezikwa kihambani na makaburi ya wazee tunayajua moja moja. Kitovu cha huyu mama kiko Gondar. Babu yake hakuwahi kuliona jiwe hata moja la Yerusalemu, wala babu wa babu yake. Lakini ukimwuliza kwenu ni wapi, hasiti.

Alikuja kwa miguu. Wewe uliyetembea kutafuta maji unaweza kumwelewa, ila huku ilikuwa wiki nyingi, usiku kwa usiku, kutoka Gondar hadi kambi za wakimbizi Sudan, wakificha dini yao ili wasijulikane. Watu wapatao 4,000 walifia njiani na kambini, kwa njaa, maradhi na majambazi. Mama yake ni mmoja wao. Kaburi hakuna. Majina ya baadhi yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu pale Mlima Herzl, Yerusalemu, na kila mwaka wanakumbukwa hapo kitaifa. Yeye alivushwa na ndege za siri mwishoni mwa 1984, ile Operesheni Musa iliyochukua watu karibu 8,000 kabla habari haijavuja magazetini na Sudan kuisimamisha. Waliobaki wengi walingoja mpaka Mei 1991, Operesheni Sulemani: zaidi ya watu 14,000 kutoka Addis Ababa kwa saa 36 hivi. Viti viling'olewa ili watu wakae chini. Ndege moja ilibeba zaidi ya watu elfu moja!

Sasa sikia kilichowakuta. Rabi mkuu Ovadia Yosef alikuwa amekwishatamka mwaka 1973 kwamba hawa ni Wayahudi, wazao wa kabila la Dani, na serikali ikakubali mwaka 1975 waingie kwa Sheria ya Kurudi, ile inayompa Myahudi yeyote haki ya kuhamia Israeli. Lakini walipofika, Ofisi ya Marabi Wakuu ikawataka wazamishwe majini kwanza, kama watu wanaoingia dini upya. Mtu kampoteza mama yake safarini kwa ajili ya imani hiyo, halafu anaambiwa athibitishe! Mwaka 1985 waliketi takribani mwezi mzima mbele ya ofisi hiyo Yerusalemu, wazee kwa watoto wachanga. Mama mwenye nyumba alikuwepo. Nilipomwuliza walikula nini, alicheka tu.

Mwezi wa Novemba alinichukua kwenye sikukuu yao, Sigd, siku ya hamsini baada ya Siku ya Upatanisho. Ethiopia walikuwa wanapanda mlima wakiwa wamefunga, wengine na jiwe kichwani kwa unyenyekevu, wanaelekea Yerusalemu na kumwomba Mungu awarudishe. Sasa wanaifanyia Yerusalemu penyewe, kilimani Armon Hanatziv, na tangu 2008 ni sikukuu ya taifa. Makasisi wao wanasimama na kanzu nyeupe chini ya miavuli iliyotariziwa, nyekundu, samawati, dhahabu, wanasoma Kigeez, kisha inatafsiriwa Kiamhari. Kina mama wanainua viganja na kulia machozi kabisa. Vijana nyuma wanapiga picha. Jioni wanafungulia kwa mkate wao mnene, dabo, na kipande nilichopewa kilitosha watu watatu.

Nikamwuliza, Mama, si mmeshafika? Mnaomba kurudi wapi tena? Akanielekeza kwa kidevu upande wa mji wa kale. "Hekalu unaliona?" Maana Warumi walilibomoa na halijajengwa tena. Halafu akasema, "Mjukuu wangu yuko jeshini. Akivua sare, polisi wanamsimamisha njiani wamwulize anatoka wapi. Na mimi niache kuomba?" Mwaka 2015 na 2019 vijana wao walijaa barabarani kwa sababu hizo hizo. Hata hivyo mwaka 2020 binti aliyeletwa akiwa mtoto wa miaka mitatu, Pnina Tamano-Shata, alikuwa waziri wa kupokea wahamiaji. Yote mawili ni kweli, na mimi sioni kwamba moja linalifuta lingine.

Kitu kingine, usikiimbe kwenye kwaya ila ukijue: chini kidogo ya kilima kile kuna Jabel Mukaber, mtaa wa Wapalestina, na wao nao makaburi ya babu zao yako huku huku. Siku ile ya sala sikusikia mtu akiwataja.

Nilijua utauliza mama mwenye nyumba akifa atazikwa wapi, nikamwuliza mapema. Hapa Rehovot, amekwishawaambia watoto.

Desemba sitakuja, nauli ni kali. Ila nilijisifu mbele yake kuhusu kahawa ya Marangu, naye ananidai. Mwambie Mama mdogo atafute mtu anayekuja huku, ampe kilo moja iliyokobolewa lakini haijakaangwa, maana wenyewe wanakaanga mbele ya mgeni na kukupitishia moshi puani. Anasema atailinganisha na ya kwao, na mshindi ameshamjua.

Mumeo asiyelipa mahari,
Mjukuu wako