Mjomba, chini ni pa nani?

Mjomba, shikamoo.

Juzi barazani ulisema kodi ya thamani ya ardhi, ile inayotoza kiwanja bila kuhesabu jengo, inamgeuza mwenye mali kuwa mpangaji wa serikali, na kwamba hapo uhuru wa mtu umekwisha. Sikukujibu mbele ya watu. Nakujibu hapa kwa sababu jambo lenyewe ni la Malindi nzima.

Wajua naishi nyumba bila ardhi. Fito nilizifunga mwenyewe, udongo nikaukandika kwa mikono hii. Chini ni pa mtu. Kila mwezi natoa ijara. Ukuta wa mawe sithubutu kuuinua, maana mwenye ardhi akisema ondoka, mabati nitayang'oa, mawe sitayabeba. Mama alipotaka kupanda mnazi uani alikatazwa: apandaye mnazi kesho atadai shamba. Uhuru unaoutetea, mjomba, mimi nauona kwa chini.

Na asili yake tunaijua. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Pwani ya Kenya wajitokeze kudai ardhi zao. Waliojua njia ya ofisi wakaandikishwa. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani hii, wakabaki maskwota, wakaazi wasio na hati, palepale walipozaliwa.

Henry George, Mmarekani, alisema tangu 1879: nyumba ni jasho la mtu, usiitoze, thamani ya kiwanja huletwa na watu wote, toza hiyo. Estonia wanafanya hivyo tangu 1993, ardhi hutozwa, jengo haliguswi. Tazama kiwanja kile kitupu cha njia ya ufukweni. Mwenyewe hajafyeka hata kichaka, na bei inapanda tu. Kinachoipandisha ni barabara, umeme, na sisi tunaokaa kandokando.

Ukasema kodi hiyo mwenye ardhi atanitwika mimi. Atanitwikaje? Tayari ananitoza kiasi chote ninachokiweza, na kiwanja hawezi kukipakia jahazini akakihamishia Zanzibar.

Pale ulipotaja wajane ulinigusa. Mama mwenye kiwanja kimoja ufuoni, hoteli zimemzunguka, thamani juu na mfukoni hana kitu: kumlazimisha auze ni dhuluma. Deni lake la kodi lisubiri mpaka siku kiwanja kitakapouzwa au kurithiwa, na hilo liandikwe ndani ya sheria, lisiachiwe huruma ya karani. Bila hilo hata mimi siiungi mkono.

Ijumaa baada ya sala nitakuja na risiti za ijara za marehemu baba. Zimefungwa kwa uzi, za chini wino umefifia. Tuzihesabu pamoja.