Mtoto Hajakaa Vibaya, Acheni Kumkanda

Wanangu mliobeba mimba, kuanzia Nanyumbu hadi Kilwa, na ninyi waume zao, na ninyi mama wakwe mnaosomewa barua hii na wajukuu kwenye simu: kwa wakubwa zangu shikamooni, kwa waliobaki marahaba.

Kuna neno limenichosha: "amekaa vibaya". Binti ana mimba ya wiki 24, kapimwa altrasaundi mjini, kaambiwa mtoto katanguliza matako. Anarudi nyumbani analia. Jioni hiyohiyo analazwa chali mkekani, mafuta ya nazi yanapashwa moto, na mikono ya mtu mwenye nia njema kabisa inaanza kumsukuma mtoto. Siku chache baadaye damu inatoka, na mtaa mzima unatafuta mchawi.

Mtoto wa wiki 24 hajakaa popote, jamani. Anaogelea. Hajafika hata kilo moja na ana maji tele ya kuchezea, kwa hiyo asubuhi kichwa kiko juu, mchana amekingama, usiku kichwa kiko chini. Altrasaundi imempiga picha akiwa njiani. Hata wiki ya 28, katika kila watoto 100, kama 20 hadi 25 bado wametanguliza matako. Mimba zikitimia, wanabaki 3 au 4. Hao wengine nani aliwageuza? Waligeuka wenyewe.

Wanageukaje? Chukueni bibo la korosho, mligeuze kikonyo kiangalie chini. Juu pana, chini pamebana. Kizazi ndivyo kilivyo. Mtoto akishakuwa mkubwa, matako pamoja na miguu iliyokunjwa ndiyo mzigo mpana kuliko kichwa, basi vinatafuta nafasi kule juu, na kichwa kinashukia penye wembamba. Anapiga mateke, anajisukuma, anapinduka. Wengi hufanya hivyo kabla ya wiki ya 36. Baada ya hapo maji yanaanza kupungua, mwili umejaa, na aliyeshika nafasi yake kwa kawaida haachi.

Najua nitakachojibiwa: "Mbona bibi fulani kawageuza wengi na wote wakazaliwa salama?" Aliwakanda wakiwa na miezi saba, wakati wangegeuka tu. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Tatizo ni kwamba jogoo haumizi mtu, na mikono inaumiza. Kondo la nyuma limeshikamana na ukuta wa kizazi. Ukiusukuma na kuuminya, kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati wake. Likibanduka mtoto anakosa hewa na mama anavuja damu, tena mara nyingine damu inajificha ndani, hamuioni kwenye kanga, mnaona tumbo limekuwa gumu kama ubao na mama anabadilika rangi. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita ndiye namwogopea zaidi, maana kizazi kinaweza kuchanika palepale penye kovu. Na yule ambaye kondo lake limekaa chini, kwenye mlango wa kizazi, mtoto hashuki kwa sababu njia imezibwa. Utamsukuma aende wapi? Wewe mwenye mafuta mkononi, unajua kondo liko wapi? Hujui. Mimi pia kwa mikono mitupu nisingejua.

Kupapasa tumbo ni kazi nyingine kabisa, msizichanganye. Mkunga wa kliniki kwanza anakutuma ukakojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa kinadanganya mkono. Unalala, magoti umeyakunja kidogo, naye anapasha viganja vyake joto. Anaanza juu: kuna nini huku? Kichwa ni kigumu, cha duara, ukikigusa kinacheza peke yake kama embe ndani ya mfuko. Matako ni laini, mapana, na yakisogea mwili wote unayafuata. Kisha anatafuta ubavuni: upande mmoja mgongo ulionyooka, upande wa pili vitu vidogovidogo, mikono na miguu. Mwisho anashika chini, juu kidogo ya mfupa wa kinena, ajue kilichotangulia na kimeshuka kiasi gani. Anasikiliza moyo. Mtoto aliyetanguliza kichwa mara nyingi husikika chini ya kitovu cha mama, wa matako husikika usawa wa kitovu au juu yake. Hapo hakuna kusukuma. Ukiona anakuumiza, sema.

Ikifika wiki ya 36, hapo ndipo swali lina maana. Muulizeni nesi kwa maneno haya: "Mtoto katanguliza nini?" Msiondoke kliniki bila jibu. Katika mimba ya kwanza kichwa kinaweza kuanza kuingia nyonga wiki hizo. Waliozaa tayari, kinaweza kusubiri hadi uchungu uanze, msihangaike.

Kama bado ni matako, kuna sababu za kutafutwa: mapacha, uvimbe kwenye kizazi, maji mengi au machache mno, kondo kukaa chini, kizazi chenye umbo tofauti, tumbo lililolegea kwa kuzaa mara nyingi. Mara nyingi sababu haionekani. Daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa nje, mimba ya kwanza kuanzia wiki 36 na zinazofuata wiki 37, altrasaundi ikiwepo, moyo wa mtoto unasikilizwa, na chumba cha upasuaji kiko jirani. Hufaulu karibu nusu ya mara. Huyo naye anasukuma, ndiyo, lakini anajua kondo liko wapi, na likiharibika jambo kisu kiko tayari. Mkekani hakipo.

Aliyekingama hazaliwi kwa njia ya kawaida. Huyu mama asikae nyumbani kusubiri uchungu. Mtoto akiwa kichwa chini lakini kisogo kimeelekea mgongo wa mama, mama anaweza kuumwa mgongo na uchungu ukawa mrefu. Wengi wa watoto hao wanazunguka wenyewe wakati wa uchungu.

Na dawa za mizizi za "kuharakisha"? Mtoto aliyekingama pamoja na dawa ya kukaza kizazi, hapo kizazi kinaweza kupasuka. Sina maneno laini kwa hilo.

Jambo la dharura: mtoto aliyetanguliza mguu au aliyekingama, chupa ikipasuka, kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, kinaweza kuteleza kikatoka kabla yake. Mkiona kamba inaning'inia, msiivute, msiirudishe. Mama apige magoti, kifua chini, makalio juu, na safari ianze dakika hiyo.

Sasa waume. Msimu wa korosho ukilipa, ngoma inachezwa, kanga za sare zinanunuliwa, spika zinakodiwa kutoka mjini. Mke wa mtu huyohuyo akiambiwa ajifungulie hospitali, iwe Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine pale Lindi, eti nauli hakuna. Mvua ikinyesha barabara ya kijijini inakuwa tope, boda haipiti usiku. Mwenye mtoto wa matako au aliyekingama apelekwe mapema, akae kwa ndugu karibu na hospitali, wiki mbili kabla ya tarehe. Gunia moja la korosho litengwe kwa hilo.

Kuanzia wiki 28 laleni kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Mtoto akipunguza kucheza, nendeni siku hiyohiyo.

Mama mkwe, mafuta yako ya nazi hayana kosa. Mpake mkweo mgongoni na miguuni, ana uchovu. Tumbo liache.