Kijani cha Migomba: Barua kwa Mwanangu

Jinja, Jumapili jioni

Binti yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na picha uliyonitumia nimeitazama mara nyingi, mchana kwa mwanga wa dirishani na usiku kwa taa. Unalalamika kwamba migomba yako imetoka kama ya plastiki. Ni kweli, imetoka hivyo, lakini mkono wako hauna kosa. Kosa ni la ile tyubu ya kijani uliyoinunua, kwa maana kijani cha kiwandani hakijawahi kuota shambani.

Tyubu hiyo iweke kando. Chukua manjano ya udongo na buluu ya ultramarini, uzichanganye kwa kisu, kisha utie nyekundu kidogo sana, kiasi cha kubakia kwenye ncha, ili kijani kitulie. Halafu nenda nyuma ya nyumba ya shangazi yako asubuhi, jua likiwa bado chini, utazame jani moja tu. Pale mwanga unapopenya kutoka nyuma, jani huwa karibu manjano tupu. Pale linapoelekea juu hugeuka kijivu chenye buluu, kwa kuwa uso wake unang'aa na kuakisi anga. Kwenye kivuli usitie nyeusi hata kidogo, maana udongo wetu mwekundu huakisi rangi yake hadi upande wa chini wa jani, nawe ukitazama kwa subira utaona humo zambarau inayoelekea hudhurungi. Mimi nilichora migomba miaka sita kabla ya kuiona zambarau hiyo, na siku nilipoiona niliisahau chai jikoni hadi sufuria ikaungua. Mama yako hunikumbusha habari hiyo mpaka leo.

Alama za brashi umezilainisha mno, kana kwamba unazionea haya. Jani la mgomba huchanwa na upepo kwa kufuata mishipa yake. Kwa hiyo mburuto mmoja wa brashi ngumu, kutoka kwenye uti hadi ukingoni, hulitoa jani pamoja na upepo wake, mradi usirudi kuupapasa. Yale majani makavu yanayoning'inia kwenye shina yapake kwa kisu, rangi iwe nzito na yenye makunyanzi, ili mwanga wa chumbani uangushe vivuli vya kweli juu ya turubai. Vincent van Gogh aliacha matuta ya rangi kwenye picha zake, na hakuna anayemdai ayasawazishe.

Unene una masharti yake, hata hivyo. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama nguo kambani, bali mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake huvuta oksijeni hewani na kugeuka utando mgumu, polepole. Tabaka la chini lipake jembamba, lililopunguzwa kwa tapentaini, na mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda. Ukigeuza utaratibu huo, ya juu itakauka kabla ya ya chini kutulia, nayo itapasuka kama tope la kiangazi. Wala usifanye nilivyofanya mimi ujanani, nilipopaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, bila kuipaka gundi kwanza, kwa sababu nilipenda wekundu wake. Mafuta yaliingia kwenye nyuzi, na baada ya miaka michache kitambaa kilikuwa kikikatika kama mkate mkavu.

Umeuliza pia kama migomba si somo la kitoto. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyesoma na baadaye kufundisha Makerere, mahali ambapo Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa mwaka 1937, alichora kwa rangi ya mafuta wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya mwaka 1956 imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Waliopeleka ndizi huko hawakuona utoto.

Nimempa kondakta wa basi la kesho kisu changu kile chenye mpini uliofungwa uzi mwekundu, pamoja na tyubu mbili za manjano ya udongo. Kama rangi ya picha yako bado ni mbichi, ikwangue migomba peke yake na uianze upya. Anga usiiguse, kwa sababu anga umeipata.

Ni mimi,
Baba yako