Mheshimiwa Waziri, mizani ije kabla ya mbegu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,

Pokea salamu kutoka Misungwi. Vuli imeturudishia majani na ng'ombe wameanza kung'aa, kwa hiyo walau nakuandikia nikiwa na moyo mweupe.

Kila Nanenane, kwenye maonyesho ya wakulima pale Nyamhongolo, tunahubiriwa jambo moja: pandisheni majike wenu wa Kisukuma kwa mbegu ya dume la nyama la Ulaya, mpate chotara mzito, mpate fedha. Siipingi hoja hiyo. Ndama wa uzao wa kwanza, mama zebu, yaani ng'ombe wetu wa nundu, na baba Simmental au Angus, hukua upesi kuliko ndugu zake wa asili, maana damu mbili zisizo na undugu zikikutana ndama huwa na nguvu. Jike wetu aliyekomaa ana kilo 200 hadi 250 hivi. Dume la Simmental hupita kilo 1,000. Hata asiyejua kusoma anaiona faida.

Shida iko mnadani.

Jirani yangu aliswaga madume wawili wa rika moja kwenda mnadani. Mmoja wa asili, mwingine chotara wa Simmental mwenye uso mweupe kama baba yake. Mnunuzi akampiga chotara kibao cha paja, akabana ngozi ya mbavuni kwa vidole viwili, akarudi nyuma hatua chache, akataja bei. Ilizidi ile ya mwenzake kwa kiasi ambacho hakirudishi hata gharama ya mashudu ya pamba aliyolishwa. Jirani alipolalamika akajibiwa kwamba nundu ya huyu ni ndogo, huenda ana ugonjwa. Mizani ya mifugo ilikuwepo hapohapo, ndani ya uzio wake, na mbuzi wamejilaza kivulini.

Mheshimiwa, sisi ni wakulima wa pamba pia. Pamba inapimwa kwa kilo, na bei ya kilo tunaisikia redioni kabla msimu haujafunguliwa. Mkulima akiongeza kilo 50 anajua ameongeza shilingi ngapi. Ng'ombe, mali kubwa kuliko zote nyumbani, anauzwa kwa jicho la mtu anayemnunua. Ng'ombe wangu akiuzwa kwa jicho, kwa nini nihangaike na kilo? Bora niwe na vichwa vingi. Hata mahari huku tunahesabu vichwa. Mkwe hajawahi kumuuliza mtu kilo. Wataalamu wanatusema kwamba tunapenda wingi kuliko ubora, ilhali soko lenyewe ndilo linalolipa wingi.

Chotara ni ghali kumtunza, na gharama hiyo haina pa kurudia isipokuwa kwenye uzito. Majani ya kiangazi hayamtoshi. Anataka mashudu na pumba za mpunga, ambazo kwa bahati Kanda ya Ziwa tunazo. Kupe nao hawamwachi. Ng'ombe wetu aliyekulia katikati ya kupe huvumilia ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe hao, kwa kiasi fulani. Mwenye damu ya Ulaya humwoni akivumilia: tezi za chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, anahema kwa shida, mara amekufa. Kuogesha kila wiki kunasaidia pale josho linapokuwa na maji na dawa. Chanjo ya ndigana nayo ipo, ya kuchomwa mara moja tu, lakini hutunzwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Na mbegu ya dume hutunzwa kwenye naitrojeni hiyohiyo. Gari linalopeleka naitrojeni kwa mhimilishaji, yule anayepandisha majike kwa mbegu hiyo, linaweza kumpelekea na mchanja mifugo, safari moja, gharama moja. Naomba mipango hii miwili iunganishwe. Ndama wa kigeni asizaliwe kwenye kata ambayo chanjo haifiki.

Sasa niseme kuhusu mama, kwa sababu kwenye maonyesho tunaonyeshwa baba tu. Ndama wetu wa asili huzaliwa na kilo 20 hivi. Ndama wa Charolais huko Ufaransa hupita 40. Chukua mtamba wa Kisukuma anayezaa kwa mara ya kwanza, mpe mbegu ya Charolais, halafu uone. Nimeshika kamba usiku wa namna hiyo: kwato mbili zimetoka, ulimi wa ndama umevimba na kuwa wa bluu, wanaume wanavuta kila jike anaposukuma, na daktari wa mifugo yuko kilomita nyingi kutoka hapo. Tulimpoteza ndama, na mama hakuinuka. Mbegu ya Charolais wapewe wenye majike wakubwa wa Boran kwenye ranchi. Sisi tuleteeni Angus aliyethibitika kuzaa ndama wadogo, na mhimilishaji aagizwe kuchagua majike waliokwisha kuzaa. Orodha ya madume iandikwe uzito wa ndama wao wakati wa kuzaliwa, kwa Kiswahili, ili mfugaji asome mwenyewe kabla ya kulipa.

Joto la zebu nalo, yaani muda ambao jike anataka dume, ni fupi, tena mara nyingi huja usiku, na mchungaji ni mtoto wa darasa la tano. Hapo bila sindano za kuwaleta majike kwenye joto pamoja, mhimilishaji atakuwa anafuata ng'ombe aliyekwisha poa.

Kuhusu majike chotara, maoni yangu yatawaudhi baadhi ya majirani: wanenepeshwe na kuuzwa kama madume. Ukimpandisha tena kwa mbegu ya Ulaya unapata ndama mwenye robo tatu ya damu ya Ulaya, na huyo jua la Septemba, wakati ngitili, malisho tunayoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi, imekwisha kuliwa, halimfai. Majike wa kurithi zizi watoke kwa dume la Kisukuma au Boran. Tukiwachanganya wote, baada ya miaka kadhaa tutamtoa wapi huyo mama zebu ambaye uzao wa kwanza unamtegemea?

Minada ya awali iko chini ya halmashauri, najua, na huko utatuambia tuwaone madiwani. Ya upili, ngazi inayofuata, ni ya wizara yako. Anza na hiyo: ng'ombe asilipiwe kabla hajapanda kwenye mizani, risiti iandikwe kilo zake, na bei ya kilo ya ng'ombe hai ya wiki iliyopita isomwe redioni kila Jumatatu. Hereni za kielektroniki tumeshaanza kuwavalisha ng'ombe wetu. Namba ya hereni na kilo vikiandikwa kwenye risiti moja, mwaka ukiisha utajua bila kuuliza mtu ni mbegu ipi imelipa Misungwi na ipi haikulipa.

Ni mimi,
Mfugaji na mkulima wa pamba,
Misungwi, Mwanza