Barua ya wazi kwa Gavana wa Illinois: Cairo ijengewe nyumba kabla ya bandari

Mheshimiwa Gavana JB Pritzker,

Agosti 2020 ulitangaza dola milioni 40 kwa ajili ya bandari ya mto katika mji wa Cairo, kusini kabisa mwa jimbo letu. Bandari siipingi. Swali langu ni moja tu: hao watakaofanya kazi bandarini watalala wapi?

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa nataka wenzangu nao wasome. Wasemaji wa Kiswahili tupo Illinois, wengi wetu watu wa Kongo, na huku Rock Island na Moline utatusikia sokoni, kanisani na kwenye vituo vya basi. Tunalipa kodi kama wengine. Ofisini kwako mtafsiri hatakosekana.

Kwa msomaji asiyefika huko: Cairo hii si ya Misri. Ni ncha ya Illinois, pale mto Ohio unapotokea upande mmoja na Mississippi upande wa pili, na nchi kavu ikaishia hapo. Kutoka Chicago ni karibu kilomita 600. Iko kusini zaidi hata ya Richmond, mji uliokuwa makao makuu ya majimbo yaliyopigania utumwa. Mimi ni dereva wa lori, na njia za huko nazijua. Ukishuka hadi Fort Defiance, kwenye ncha yenyewe, unaona maji ya rangi mbili yakienda ubavu kwa ubavu kwa mwendo mrefu kabla hayajachanganyika, ya Mississippi yamejaa tope, ya Ohio yana kijanikijani. Wengi hudhani Mississippi ndio mkubwa. Pale makutanoni, kwa wastani, Ohio ndio unaoleta maji mengi zaidi.

Mji wenyewe uko chini, nao umezungushiwa matuta ya udongo na kuta za zege. Ukiingia kutoka kaskazini barabara inapita chini ya reli, na hapo pana lango kubwa la chuma. Mafuriko yakija lango linashushwa, mji unabaki umefungwa pande zote, watu ndani ya bakuli na mito miwili nje. Mgeni huona hayo akasema basi, mto ndio uliowafukuza watu. Nimesikia hivyo mara nyingi, hata kwa madereva wenzangu, na si kweli. Mwaka 1937, Paducah, mji wa Kentucky kwenye mto Ohio, ilipozama, Cairo ilibaki kavu. Mwaka 2011 kipimo cha mto kilifika futi 61.72, rekodi ambayo haikuwahi kuonekana pale, na kuta zikashika.

Sasa tazama sensa. Mwaka 1920 Cairo ilikuwa na watu 15,203. Mwaka 1960 walikuwa 9,348. Mwaka 2000, 3,632. Mwaka 2010, 2,831. Mwaka 2020, 1,733. Kaunti yote ya Alexander ilishuka kutoka watu 8,238 hadi 5,240 katika hiyo miaka 10 ya mwisho, yaani zaidi ya theluthi moja imeondoka. Na waliobaki mjini, wengi wao ni Weusi.

Sehemu ya hesabu hiyo ni njia. Zamani abiria na mizigo vililala Cairo vikisubiri kuvushwa. Daraja la reli likakamilika 1889, ya magari yakafuata, na mwaka 1978 barabara kuu ya 57 ikavuka Mississippi bila kuingia mjini. Anayetoka Chicago kwenda Memphis leo hana sababu ya kukanyaga breki.

Sehemu nyingine ni chuki, na hii lazima isemwe wazi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Jenerali Grant wa jeshi la kaskazini aliweka makao yake Cairo, na watumwa waliotoroka kutoka kusini wakakimbilia hapo kwa maelfu. Wapo waliobaki wakajenga maisha. Mwaka 1909 umati ulimuua Mweusi aitwaye William James hadharani, katikati ya mji, watu wakitazama. Miaka ya 1960 bwawa la kuogelea lilifungwa ili watoto Weusi wasiingie maji mamoja na Weupe, na baadaye likajazwa zege. Mwaka 1967 askari kijana Mweusi, Robert Hunt, alikutwa amekufa kwa kitanzi ndani ya kituo cha polisi, na mji ukawaka. Kuanzia 1969 Weusi walisusia maduka yaliyokataa kuwaajiri, wakasusia kwa miaka. Wenye maduka wengi waliona heri kufunga kuliko kumwajiri mtu Mweusi. Waliofunga wakaondoka na mitaji yao. Miaka ya 1980 hospitali nayo ikafungwa.

Lakini linaloniuma zaidi ni la juzijuzi, Mheshimiwa. Usiku wa tarehe 2 Mei 2011 wahandisi wa jeshi walilipua tuta la Birds Point, ng'ambo ya mto, upande wa Missouri, ili maji yapungue, Cairo na miji mingine ipone. Maji yakafunika ekari zipatazo 130,000 za mashamba. Kijiji kidogo cha Weusi, Pinhook, kikaisha kabisa. Watu wake hawakurudi. Kabla ya mlipuko, Spika wa Bunge la Missouri aliulizwa achague kipi kizame, mashamba au Cairo. Akachagua Cairo, tena kwa kejeli. Baadaye aliomba radhi. Hata hivyo nchi iliamua, kwa gharama kubwa na kwa machozi ya watu wengine, kwamba nyumba za Cairo zinastahili kuokolewa.

Hazikupita miaka sita. Mamlaka ya nyumba ya kaunti ilikuwa imeziacha nyumba za umma zioze, fedha zikitumika vibaya, hadi wizara ya nyumba ya serikali kuu ikaichukua mwaka 2016. Wakazi walidhani sasa zitakarabatiwa. Aprili 2017 wakaambiwa kwamba mitaa miwili, Elmwood na McBride, itabomolewa. Humo walikaa watu wapatao 400, karibu nusu yao watoto. Walipewa hati za kusaidiwa kodi ya pango. Hati hizo ungezitumia wapi Cairo, wakati nyumba nzuri za kupanga hazikuwepo? Wakaenda nazo Cape Girardeau, Paducah na kwingineko, ng'ambo ya mito. Mwaka 2022 wapangaji wa jengo la ghorofa la Connell F. Smith nao wakatakiwa wahame. Kwa hiyo ile namba ya 1,733 si ya mto. Maji yalizuiwa kwa baruti, kisha nyumba zilizookolewa zikabomolewa kwa tingatinga, na maamuzi yote mawili ni ya serikali.

Ndiyo maana bandari peke yake hainitoshi. Naelewa kwa nini mahali hapo panapendwa. Kutoka Cairo kushuka hadi Ghuba ya Mexico hakuna lango hata moja la kupandishia na kushushia vyombo. La mwisho kwenye Ohio liko Olmsted, juu kidogo ya mji, na la mwisho kwenye Mississippi liko karibu na St. Louis. Matishari yaliyofungwa pamoja yanapita moja kwa moja, usiku na mchana. Mtu yeyote wa biashara ataona faida. Ila kutoka Cairo, Kentucky ni dakika chache kwa daraja, na Missouri vivyo hivyo. Bandari ikijengwa mji ukiwa hauna nyumba za kupanga, mfanyakazi atalala Wickliffe au Paducah, atanunua unga wake huko, atasomesha watoto huko, na kodi ya nyumba yake italipwa huko. Illinois itakuwa imelipia gati, majirani wakapata wakazi.

Duka la vyakula ni mfano tosha. Baada ya lile la mwisho kufungwa, mji ulikaa miaka bila mahali pa kununua nyama mbichi wala mboga, hadi 2023 lilipofunguliwa duka la ushirika kwa msaada wa fedha za jimbo. Nilifurahi sana. Halafu nalo likaanza kuyumba mapema. Duka linaendeshwa na wanunuzi, na wanunuzi walishahamishwa.

Nikilinganisha na huku kwetu naona tofauti iliyo wazi. Rock Island nayo ni mji wa mto uliopoteza viwanda vyake miaka ya 1980. Familia za Kongo, za Burundi, za Burma hazikufuata bandari wala hotuba. Zilikuta nyumba kuukuu za kupanga ambazo mtu anaweza kuzimudu, na kazi kwenye kiwanda cha nyama kule Joslin. Mtu alifika, akamwita nduguye, nduguye akamwita shemeji. Cairo hata shemeji akiitwa, atafikia kwa nani?

Najua utaambiwa kwamba hakuna mwenye akili anayejenga kwenye mji unaopungua, tena mabondeni. Ukiambiwa hivyo waonyeshe rekodi ya kuta, kisha waulize mbona milioni 40 za gati hazikuogopa bonde hilohilo. Kuta zinahitaji matunzo, hilo nakubali, na pampu za kutoa maji ya mvua zinahitaji matunzo zaidi. Lakini viwanja vitupu ndani ya kuta vipo. Mabomba yamepita, barabara zimepita, na maktaba ya Safford bado imesimama, moja ya majengo mazuri niliyoyaona katika jimbo hili.

Ombi langu ni dogo kuliko bandari. Jimbo lijenge nyumba za kupangisha ndani ya kuta, kwa kuanzia zitoshe familia chache tu, na nafasi ya kwanza wapewe waliotolewa Elmwood na McBride kama wanataka kurudi. Wapo watakaokataa. Watoto wao wamezoea shule nyingine sasa, na siwalaumu. Ila waulizwe, maana 2017 hawakuulizwa, waliarifiwa. Na mkataba wowote mpya wa bandari ufungwe pamoja na ratiba ya nyumba hizo, ili kimoja kikisimama na kingine kisimame.

Sensa ijayo ni 2030, na nyumba haijengwi kwa wiki. Hotuba yako ya bajeti huwa Februari. Naomba safari hii Cairo itajwe humo kwa idadi ya nyumba, mtaa zitakapojengwa, na mwezi mpangaji wa kwanza atakapokabidhiwa ufunguo.

Wako,
Dereva wa lori na mkazi wa Illinois
Rock Island