Barua kwa Neema kuhusu ile gari, Subaru Forester ya turbo

Neema mama,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, tunamshukuru Mungu mmefika Dar salama na wajukuu hawakutapika njiani. Ulisema kwenye simu kuna mtu hapo kazini kaiona gari akakwambia turbo ni ugonjwa, uza chap kabla haijakufia. Nilitaka nikujibu palepale ila mambo ya gari hayaelezeki kwa simu, na mtandao wa huku Mafinga mvua ikinyesha unaujua wenyewe, ndo nikaona bora niandike.

Kwanza kuna kitu sijawahi kukwambia. Unakumbuka Januari 2015 ulivyochelewa kuripoti shule wiki mbili, ukaniuliza baba kuna nini nikakujibu mbao hazijalipwa? Mbao zililipwa mama. Ile hela niliinunulia injini.

Ilikuwa hivi. Desemba 2014 tunatoka Dar, mimi, mama yako, shangazi na wadogo zako wawili, buti imejaa mpaka kioo cha nyuma hakionekani. Wewe ulikuwa umetangulia na basi. Gari ilikuwa imetembea kama kilomita 7,000 toka nimwage oili, na katika hizo zote boneti nilikuwa nafungua kuongeza maji ya waipa tu, stiki ya kupimia oili sijaigusa hata siku moja, nilikuwa najua oili ikipungua taa itawaka. Mlima Kitonga tumeupanda nyuma ya malori, na unajua turbo inavyomlevya mtu, ukikanyaga inakuvuta, nikapata nafasi moja nikapita, nikapata nyingine nikapita. Kwenye kona moja ile taa nyekundu yenye picha kama birika la chai ikamulika mara moja, ikazima. Niliiona kabisa. Nikasema aah, waya hiyo. Tukafika Ilula, mama yako anataka nyanya, nikapaki nikazima hapohapo injini ikiwa bado moto wa mlima. Tuliporudi kwenye gari kuwasha, ko-ko-ko-ko, kama mtu anagonga mlango wa bati. Imenoki, yaani injini imekufa.

Fundi alipokuja kufungua nati ya chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akaweka beseni, ikatoka oili kama lita moja na nusu basi, wakati injini ile inaingia lita 4 na kidogo. Na ile iliyotoka ilikuwa inameta, mama, kama rangi ya kucha ya dukani. Ndo beringi zangu hizo, vyuma vya ndani ya injini vimesagika. Akanishika kidole akaniwekea kwenye ile feni ndogo ya turbo, akasema tikisa, ikacheza huku na huku. Alafu akafungua bolti ya kale kabomba kanakopeleka oili kwenye turbo, ndani yake kuna kichujio kadogo hata kidole hakiingii, kimejaa masizi meusi, hata ukipuliza hewa haipiti.

Sasa nikwambie turbo ni kitu gani maana huyo wa kazini kwako hajui. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja, moja inazungushwa na moshi wa ekzosi, nyingine inasukuma hewa kwenye injini. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ule moshi ukikanyaga sana unaweza kupita nyuzi 800. Mhimili wenyewe unaelea kwenye oili tu. Oili ikiwa kidogo au chafu, au kabomba kakiziba, chuma kinakutana na chuma. Kwaiyo turbo sio ugonjwa, turbo ni mtoto mchanga, haivumilii njaa. Gari ya kawaida ukiichelewesha oili inanung'unika tu, hii inakupeleka kwenye injini ya mtumba.

Na ile taa nyekundu naomba unielewe vizuri, haipimi oili imebaki ngapi, inapima presha. Yaani ikiwaka ujue tayari kuna sehemu oili haifiki. Siku ikiwaka, hata kama uko kati ya barabara ya Morogoro watu wanakupigia honi, sogea pembeni zima. Usiseme nifike tu hapo Mbezi.

Stiki sasa. Asubuhi kabla hujawasha, gari imepaki pasipo na mteremko, toa ile stiki ya oili ya injini, futa na tishu nyeupe, rudisha mpaka mwisho, toa tena. Za hizi Subaru zina usumbufu, upande mmoja unaweza kukudanganya maana oili inapakaa kwenye kijibomba ikipanda, kwaiyo angalia pande zote mbili uamini ule wa chini. Toka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja. Ikiwa katikati usihangaike, ikikaribia chini ongeza kidogo kidogo, na usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaipenda gari, oili nyingi inapigwa inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Fanya kila Jumamosi, na kabla ya safari yoyote ndefu. Turbo kula oili kidogo ni kawaida yake, ubaya ni kutokujua imekula.

Kumwaga oili usipite kilomita 5,000. Fundi atakwambia hii ya sintetiki inaenda 10,000, mwambie asante. Wewe unakaa foleni ya Kimara injini inaunguruma saa nzima kilomita hazisogei, hizo kilomita 5,000 zako sio sawa na za mtu wa barabara kuu. Weka oili ya 5W-30 au 5W-40, ndo namba ya uzito wake imeandikwa kwenye dumu, sintetiki kamili, na filta mpya kila mara, sio mara moja moja. Nunua duka unalolijua, dumu likiwa na sili, na likishaisha litoboe, maana madumu matupu mazuri yanaokotwa yanajazwa vitu vya ajabu yanarudi dukani.

Simama pale fundi anapomwaga. Sio umbea, nina sababu. Gari hizi chini zina nati ya injini na nati ya giaboksi, na kuna gereji moja mjini kijana alifungua ya giaboksi akamwaga ile haidroliki, oili ya giaboksi, yote, akafunga, akaja kuongeza oili mpya juu ya ya zamani kwenye injini. Mimi nakunywa soda. Niliokolewa na rangi, nimeona beseni lina kitu chekundu nikapiga kelele. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia. Ukiona nyekundu piga kelele na wewe.

Lile suala la kusubiri kabla ya kuzima, mumeo aliniuliza. Ukitoka kazini na foleni hakuna haja, turbo hii ina maji pia yanayopita kuipoza, zima nenda zako. Ila ukitoka kwenye mlima au umekimbiza barabara kuu, dakika kama mbili za mwisho nenda pole pole, au iache inaunguruma kidogo, ukizima ghafla oili iliyobaki mle inaungua inageuka masizi, ndo yale yaliyoziba kichujio changu. Na asubuhi usikanyage injini ikiwa ya baridi, subiri mshale wa temperecha uinuke kwanza ndo uanze mambo yako.

Kingine, ukisimama kwenye taa ukasikia harufu ya oili inayoungua, mara nyingi ni gasketi za pembeni zinadondosha kwenye ekzosi, hela kidogo, usiiache. Moshi wa bluu nipigie simu. Moshi mweupe mwingi hauishi na maji yanapungua, hiyo usinipigie, zima kwanza. Temingi belti, ule mkanda wa mbele ya injini, niliibadilisha mwaka jana, tarehe na kilomita nimeandika kwa peni kwenye karatasi ndani ya dashibodi, usiitupe kama risiti za mafuta.

Mama yako anasema nimeandika barua ndefu kuliko ile ya posa. Anakusalimia, anauliza yale maharage yamefika bila wadudu.

Kesho asubuhi kabla hujawasha nipigie picha ya stiki juu ya tishu, pande zote mbili, nitumie WhatsApp. Kuanzia saa 12 niko macho.

Baba yako